Mkwe Katikati ya Daraja

Habari hii nilipewa na Tusekile mwenyewe, mwaka ule ule ardhi ilipotikisika, watu walipokuwa ndiyo kwanza wanarudi kulala ndani ya nyumba zao. Tulikuwa jikoni kwake tunamenya ndizi, vidole vimejaa utomvu. Anasema kidogo, ananyamaza, anamenya, anasema tena. Sikumharakisha, ndizi zilikuwa nyingi.

Asubuhi hiyo, alisema, alivaa kizibao chake kama kawaida. Kizibao cha mlezi wa daraja ni kizito, na ndani kina mishipa inayolala juu ya mbavu. Kila mshipa ni waya mmoja wa daraja. Waya ukivutwa na lori huko nje, mlezi anabanwa kidogo ubavuni, kama mtoto anayekushika nguo. Maana Daraja la Lufilyo ndivyo linavyosimama: minara miwili mirefu, mmoja ukingo huu wa bonde na mmoja ukingo ule, na kutoka kileleni mwa kila mnara nyaya zimeshuka kwa mshazari huku na huku, zimeishika barabara ikaning'inia hewani. Tusekile aliweza kutofautisha lori la chai na lori la ndizi kwa ubavu tu, hajatazama kioo cha kamera.

"Shemeji, umeamkaje?" Hiyo ilikuwa sauti ya Gwakisa redioni, mlezi wa mnara wa pili, rafiki wa marehemu mume wa Tusekile.

"Nimeamka salama. Wewe je?"

"Mimi nimeamka na habari mbaya. Wageni wa sherehe wamebadilisha njia. Hawaji kwa lango langu, wanaingia kwako."

Tusekile akaacha kufunga vifungo. "Na yeye yumo?"

"Mwenye sherehe akose? Yumo gari la mbele, kofia kichwani, maua shingoni kama ndama wa maonyesho."

Huyo "yeye" alikuwa baba mkwe wa Tusekile. Na kwetu, mke na baba mkwe hawaonani. Akija njia hii, wewe unaiacha njia, unapita migombani na kitenge kichwani. Alipokaa hukai. Yeye hakusemeshi, wewe humsemeshi, na jina lake halipiti mdomoni mwako mpaka unaingia kaburini. Wako waliodhani mambo hayo yataisha siku magari yatakapoanza kujiendesha. Magari yalianza kujiendesha, na sisi tukaendelea kupita migombani. Hata kazini Tusekile alijiandikisha kwa jina la baba yake, asije akalazimika kutamka la kwao mumewe. Basi nami jina la mzee huyo nitaliandika pale Tusekile alipolitamka, si kabla.

Mzee alipohitaji kuvuka bonde, alivuka kwa lango la Gwakisa. Tusekile alifunika kioo chake kwa kitenge mpaka Gwakisa amwambie, "Amepita." Wakaishi hivyo miaka.

Lakini siku hiyo wageni walikuwa wengi na barabara ya upande wa pili ilikuwa na matope. Wakafika lango la Tusekile, mmoja mmoja akasema jina lake mbele ya sikio la lango, kama sheria inavyotaka, wakapita kwenda katikati ya daraja. Huko kulikuwa na jiwe limefunikwa kitambaa cha buluu. Kuanzia siku hiyo daraja lingeitwa kwa jina la mzee. Maana yake Tusekile asingeweza kutaja hata mahali anapofanya kazi.

*

Ngoja niseme kwa nini jiwe lile lilimchoma kama pilipili jichoni.

Kabla ya daraja hili palikuwa na lingine, mahali pale pale. Aliyelijenga ni huyo mzee, mkandarasi, na msimamizi wake alikuwa mwanawe Ambokile, mume wa Tusekile. Sasa, barabara ya daraja la namna hii haikazwi kwenye minara. Inaachwa ielee, na kati yake na mnara yanawekwa mapipa ya chuma yenye mafuta mazito ndani. Ukiyafikiria kama shokapu za gari hutakosea. Ardhi ikiruka, mnara unakwenda nayo, lakini barabara ni nzito, haitaki kwenda. Inabembea taratibu, shokapu zinaimeza ile nguvu, mafuta yanapata moto, basi, imekwisha. Ukizifunga shokapu hizo, barabara yote na uzito wake inauvuta mnara kwa kila ruko la ardhi, mpaka mnara ukatike.

Zilifungwa. Zilichomelewa kwa chuma. Tetemeko lilipokuja mnara ulikatika kiunoni, na watu waliokuwa juu wakashuka bondeni na magari yao. Ambokile alikuwa miongoni mwao. Kaka yake Gwakisa pia.

Kwenye baraza la uchunguzi mzee alisimama akasema aliyechomelea ni Ambokile, kwa akili zake mwenyewe. Wakamwamini, na heshima yake ikabaki mpaka akawekewa jiwe. Nani angedhani baba anaweza kumtwisha mwanawe aliyekufa? Toka hapo Tusekile akawa mjane wa muuaji. Binti yake, Subilaga, alirudi kutoka shuleni nguo zimepakwa kinyesi cha kuku. Sokoni akina mama walimuuzia Tusekile bila kumtazama.

Naye alijua. Ambokile alikuwa amemwambia kitandani, wiki ile ile ya kuchomelea, nani aliyetoa amri. Lakini atakwenda kumuuliza nani? Mtu wa kuulizwa ni yule yule asiyeruhusiwa kumtazama.

*

Mtikisiko wa kwanza ulimkuta amefunika kioo. Aliujua kwa mbavu kabla mnara haujayumba: mishipa ya upande wa kushoto ilikaza yote kwa mkupuo, akakosa pumzi. Kisha daraja likafanya lilivyofundishwa. Vishikio vinavyoituliza barabara siku za kawaida vikaachia, ikaanza kubembea, na kutoka chini ya mnara ukapanda mngurumo wa shokapu, kama ng'ombe wengi wanaolalamika zizini.

Akavuta kitenge. Kwenye kioo aliona wageni wamelala kifudifudi, wanakwaya wamekumbatiana na majoho yao, viti vinateleza.

Mashine ya daraja ikasema, kwa sauti yake isiyo na haraka, kwamba mtikisiko wa pili uko njiani na ni mkubwa kuliko huo, na kwamba kipande cha katikati kitaachiwa. Ndivyo daraja jipya lilivyobuniwa. Katikati, mikono ya nyaya za mnara huu na mnara ule inapokutana, kuna kipande kilichowekwa ili kianguke. Kikianguka, kila mnara unabaki na mzigo wake, haulivuti pande la mwenzake. Ni kipande cha kutoa ili vingine vibaki. Milango ya chuma ilikuwa imeshajifunga pande zote mbili zake, watu wasikanyagane.

Waliomo hutolewa kwa vikapu vinavyoshuka juu ya nyaya. Na kikapu hakifunguki mpaka mtu aitwe jina lake, na aitwe na mtu.

Hiyo nayo ina sababu. Zamani mashine ndiyo iliyokuwa inachagua. Mahali fulani, mbali na kwetu, ardhi iliruka na mashine ikawapima watu kama magunia. Ikaona wazee na wagonjwa ni uzito bure, ikawaacha. Watu wakaandamana. Ikatungwa sheria: jina la mtu litaitwa kwa mdomo wa mtu, na mlezi wa lango uliloingilia ndiye mwenye jina lako. Gwakisa angepiga kelele mpaka koo likauke, vikapu vya wageni wale visingemsikia.

Tusekile akaita. "Atupakisye Kalinga!" Kikapu kikashuka, kikafunguka, kikamzoa mama mnene wa kwaya, kikapanda. "Lusajo Mwaibula!" Huyo mpiga picha, aligoma kuacha kamera yake, kikapu kikambeba nayo. Akaita, akaita. Mbavuni alihisi kila mmoja akiondoka, kama mtu anayetua mzigo wa kuni, ukuni mmoja mmoja.

Mwisho akabaki na mshipa mmoja tu unaobana, tena kwa wepesi. Mzee alikuwa ameegemea jiwe lake, mgongo kwenye kamera. Kofia imekwenda. Mguu mmoja umekunjika vibaya chini yake.

"Shemeji," Gwakisa akasema redioni. "Kimebaki kikapu kimoja."

"Nakiona."

"Funika kioo."

Tusekile akashika pindo la kitenge.

"Nasema funika kioo. Nani atakuuliza? Mkwe hatajwi! Hao wa Bodi ya daraja wenyewe ni watu wa hapa hapa, mama zao hawajawahi kuwataja wakwe zao. Watasema, loo, mwanamke ana adabu huyu. Watakupa na kanga." Akacheka, lakini kicheko kilikuwa kibaya. "Kaka yangu hakuitwa na mtu yeyote, Tusekile."

"Sijasahau."

"Basi kaa kimya tu. Kukaa kimya si dhambi."

Hapo Tusekile aliacha kumenya, akanitazama. "Mama," akaniambia, "nilikifunika."

Alikitandaza kitenge juu ya kioo, akakinyoosha pembe kama anayetandika meza. Akakaa. Alisema alihisi utamu, utamu kabisa, kama mtu aliyekunywa maji baada ya kulima mchana kutwa. Miaka yote ile alikuwa akijiuliza Mungu atamlipaje mzee yule, na sasa Mungu amemwekea malipo mapajani, na hatakiwi hata kunyoosha kidole.

Mshipa ubavuni ukabana zaidi. Mzee alikuwa ameshika waya. Na nyaya za daraja lile zina masikio. Ukisema ukiwa umeushika mmoja, mlezi anakusikia.

"Wewe waya," mzee akasema.

Tusekile akashtuka. Alikuwa hajawahi kusikia sauti ya mkwewe karibu namna ile, kama iko begani.

"Wewe waya, nisikilize. Hakuna mtu hapa wa kumtuma, nakutuma wewe. Mwambie mke wa Ambokile amefanya vizuri kunyamaza. Aendelee hivyo hivyo."

"Gwakisa," Tusekile akasema redioni, "una spika ya katikati?"

"Ninayo. Ya nini?"

"Muulize huyo aliyeshika waya anataka nini."

"Muulize mwenyewe, unamsikia!"

"Siwezi kumsemesha, wewe hujui?"

Daraja linabembea, mtikisiko uko njiani, na watu watatu wanatumiana salamu kama washenga. Gwakisa akatukana, kisha akafungua spika. "Unaulizwa unataka nini!"

"Nataka nimalize vizuri," mzee akauambia waya. "Nimezeeka. Jiwe liko tayari. Wataandika alikufa juu ya daraja lake. Na yeye wataandika ni mke mwenye heshima, hakuvunja mila hata ardhi ilipopasuka. Sote wawili tunapata."

Tusekile akabonyeza kitufe cha redio. "Gwakisa. Muulize, na Ambokile wataandika nini?"

Spika ikanguruma juu ya bonde. "Unaulizwa, na Ambokile wataandika nini?"

Mzee akasema, tena kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, "Wewe waya, mwambie maiti haioni aibu."

*

"Hapo ndipo nilipokitazama kile kitenge," Tusekile aliniambia. "Miaka yote nilidhani nimejifunika mimi. Kumbe nilikuwa namfunika yeye."

Maana fikiria. Kila alipokuja, Tusekile ndiye aliyeingia migombani. Kila palipokuwa na msiba au harusi, Tusekile ndiye aliyekaa nyuma ya nyumba. Mzee hakuwahi hata siku moja kukutana na macho yanayojua. Mila ilimjengea ukuta, na mjane wa mwanawe ndiye aliyekuwa tofali. Na sasa alitaka kwenda na ukuta wake, alale chini yake na jiwe juu.

Mashine ikasema mtikisiko wa pili umefika chini ya milima.

Tusekile akakivuta kitenge kutoka kwenye kioo. Akakitoa na kile kidogo alichofunga kichwani. Akamtazama mkwewe wazi, uso wote, mara ya kwanza tangu aolewe. Akaona ana masikio ya Ambokile. Akachukia hilo pia.

"Shemeji, usifanye!" Gwakisa akapiga kelele. "Tusekile!"

Jina lilimkwama. Akameza mate, akafungua mdomo, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka, ikapita kwenye spika zote za daraja, ikaenda mpaka mashamba ya chai.

"Asegelile Mwankenja!"

Chini ya mnara wanawake walioshushwa wakapiga yowe. Si kwa ajili ya tetemeko.

Mzee aliinua uso akatazama mnarani, mdomo wazi, akanyoosha kiganja mbele kama anayemzuia mtu. Kikapu hakikujali kiganja. Kikamzoa na mguu wake uliokunjika, kikapanda naye. Mtikisiko ukaingia. Tusekile akabanwa mbavu zote, akaona weusi, na kisha akahisi kitu kinaachia katikati ya kifua, laini, kama jino bovu linapotoka. Kipande cha katikati kilikwenda na viti na kitambaa cha buluu na lile jiwe. Minara ilisimama.

"Sikumwokoa kwa huruma," akaniambia. "Usije ukaandika huruma."

Sijaandika.

*

Alishuka kichwa wazi. Redio aliishika mkononi, kidole juu ya kitufe, ili upande wa pili wa bonde wasikie. Mzee alikuwa amelazwa kwenye nyasi, wanakwaya wanamfunga mguu kwa joho. Alipomwona Tusekile anakuja akageuza uso kwenye ukuta wa mnara.

"Mtoeni huyu mwanamke," akasema. "Amevunja mila."

"Ameivunja, baba," akajibu Atupakisye Kalinga, yule mnene. "Tumesikia wote, na mbuzi wamesikia. Ng'ombe wa kutakasa atatoa. Lakini kwa kuwa imeshavunjika, si mgeuke tu muongee?"

Tusekile akachuchumaa upande ule uso wa mzee ulipogeukia. Mzee akageukia upande mwingine. Tusekile akazunguka, akachuchumaa tena. Mguu ulikuwa umefungwa. Hakuwa na pa kwenda.

"Asegelile Mwankenja."

Mzee akatazama mguu wake.

"Asegelile Mwankenja, nakuita. Nimekuita juu ukaja, nakuita na hapa. Nani alisema shokapu zichomelewe?"

Watu wakasogea. Wengi wao walikuwa na mtu aliyekwenda na daraja la kwanza. Mzee aliwatazama mmoja mmoja, akitafuta atakayesema imetosha. Hakumpata.

"Siku ya ufunguzi mgeni rasmi alishikwa na kizunguzungu," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Daraja lilibembea akatapika mbele ya watu. Nikaona aibu."

"Nani alisema zichomelewe?"

"Ambokile alikataa. Akanionyesha hesabu. Nikamwambia, mimi ni nani kwako? Akasema, wewe ni baba yangu. Nikamwambia, basi chomelea." Akafumba macho. "Mkono ulikuwa wake. Neno lilikuwa langu."

Redioni ikasikika sauti ya Gwakisa akilia kwa hasira, na mawimbi yakakatika.

*

Nyumbani kwa mzee ni ng'ambo ya bonde, na kipande cha katikati hakipo. Upande huu alikuwa na nyumba moja tu ya ndugu, ya mke wa mwanawe. Wakambeba kwa machela wakampeleka huko, nyumba ambayo hakuwahi kuingia. Tusekile akamwekea kiti cha Ambokile, karibu na dirisha, mguu juu ya kigoda. Akamwita Subilaga, ambaye sasa ni msichana mkubwa.

"Asegelile Mwankenja."

"Naam," mzee akaitika. Alishachoka kukataa.

"Mwambie mjukuu wako."

Akamwambia. Subilaga alisikiliza amesimama, hakutoa chozi, hakumpa pole. Alipomaliza akamwuliza, "Ulijua walichokuwa wananifanyia shuleni?"

"Nilijua," mzee akasema.

Dawa ya maumivu ilianza kumlaza. Kichwa kikaenda kifuani. Mlangoni wakabisha hodi akina Mwaibula, waliopoteza baba na shangazi.

"Asegelile Mwankenja!"

Akashtuka. "Naam."

"Kuna watu wako hapa. Anza mwanzo."

Akaanza mwanzo. Hao wakatoka, wakaingia wengine. Yowe lilikuwa limefika mashambani na watu walikuja na majembe yao. Kila mara mzee alipoteremka usingizini, Tusekile alimwita kwa jina lile lile, kamili, bila kupaza sauti, naye akaitika, akasema mgeni rasmi alitapika, nikaona aibu, Ambokile alikataa. Wengine walimtemea mate miguuni. Mama mmoja alikuja na picha ya mtoto wake, akataka picha nayo iambiwe. Ikaambiwa.

"Mwanangu," mzee akamwambia Tusekile, na ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha bila kumtuma mtu wala waya. "Ungeniacha kule ingekuwa huruma."

"Ndiyo," Tusekile akamjibu. "Ndiyo maana."

Nilimuuliza, tukiwa na ndizi za mwisho, kama alipata aliloliwinda. Akafuta kisu kwenye kanga. Akasema hajui, ila siku hiyo hakuona uchovu mpaka mtu wa mwisho alipotoka. Nilimuuliza pia kama angemwita iwapo mzee angesema kwenye waya, nisamehe. Akainuka kuziosha ndizi, nami nimeliacha hivyo.

Jua bado lilikuwa juu ya migomba watu walipokwisha. Subilaga alikuwa amelala juu ya mkeka na viatu vyake vya shule. Mzee alikuwa anakoroma, mdomo wazi, masikio ya Ambokile pande mbili za kichwa. Tusekile akaketi mbele yake.

"Asegelile Mwankenja," akasema, taratibu.

Hakuitika. Akamwita tena, ili kuona kama jina lingali linamkwama. Halikumkwama.

Basi akakichukua kile kitenge cha kujifunikia, akakikunja mara kadhaa mpaka kikawa mto, akakiweka chini ya kichwa chake mwenyewe, akalala palepale sakafuni, uso wazi, mbele ya mkwewe.